Adabu ya Mkwe

Barasa aliliwasha gari lile kwa mikono yake mwenyewe, na mpaka leo hajajisamehe kwa hilo.

Khisa, kaka wa mkewe, alimjia gerejini Kitale saa nne asubuhi, jasho likimtiririka. Peugeot yake kuukuu ilikuwa imekwama kando ya soko. Ufunguo ulikuwa umemtumbukia chooni.

"Shemeji, mafundi wote wamekataa kuiwasha. Ati wanafikiria nimeiba! Niokoe, bana."

Barasa akabeba sanduku la vifaa. Walipolikaribia gari, Khisa akamshika mkono.

"Lakini mama yuko hapo nyuma. Nampeleka Moi's Bridge, kwa daktari ya macho."

Barasa akasita. Kwa Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani, sembuse kukaa gari moja. Siku nyingine angegeuka akaenda zake. Lakini Nakhumicha, mkewe, alikuwa amerudi kwao Bungoma miezi mitatu sasa, na Jumamosi Barasa angekwenda kuomba arudishiwe. Baba mkwe alikwisha kulainika; aliyebaki ni huyu mama. Nafasi kama hii angeipata wapi tena?

Akaingia kinyumenyume, macho chini. Kwa pembe ya jicho aliona leso iliyofunika kichwa na mabegi mawili makubwa, basi. Sanduku akaliweka sakafuni nyuma ya kiti, akajilaza chini ya usukani na kuvuta nyaya za swichi, huku akimsemesha Khisa kwa sauti ya kufika nyuma.

"Mwambie mama nimeacha kunywa chang'aa. Kabisa! Mwambie nyumba bila Nakhumicha imenishinda. Hata kulala silali."

"Anasikia," Khisa akasema, akitazama barabara.

"Na yule mtu wa kuuza mahindi mwenye alikuwa anataka kumwoa Nakhumicha?"

"Wacha hiyo, shemeji. Tulimfukuza zamani. Haki ya Mungu."

Barasa akapeleka mkono nyuma, akipapasa. Kabla hajasema anatafuta nini, koleo la nyaya likasukumwa kwa mguu mpaka kwenye vidole vyake. Akafurahi moyoni. Mama alikuwa na adabu zake: hakumpa mkononi.

Akaunganisha nyaya mbili, akaugusisha wa tatu. Injini ikakohoa, ikanguruma. Nyuma yake mtu akavuta kamasi, kama anayelia. Maskini, macho yanamuuma kweli, Barasa akawaza.

"Safari njema, mama," akasema akishuka, akiutazama mchanga. Akalitoa sanduku lake, macho bado chini, akarudi gerejini.

Mchana kutwa alifanya kazi akipiga mluzi. Tayari alikuwa amepanga shati la Jumamosi. Saa kumi uvumilivu ukamwishia, akampigia simu baba mkwe kuuliza kama daktari amempa mama matumaini.

"Mama yako?" mzee akashangaa. "Si huyu hapa, anachambua maharagwe. Mwenye alitoka na Khisa ni Nakhumicha, na nguo yake yote. Alituaga vizuri, ati anarudi kwako. Kwani hajafika?"