Dakika ya Arobaini na Moja

"Bado giza," bi harusi alisema kwenye simu. Ilikuwa mara ya tano wiki ile.

Fundi wa video akaitazama skrini yake. Dakika ya arobaini na moja: katikati ya ukumbi wachezaji wanang'aa, nguo zinameremeta, hata jasho linaonekana. Nyuma yao, juu, palikuwa na roshani, na roshani hiyo ilikuwa giza totoro. Katika saa mbili na nusu za harusi yake, bi harusi hakuwa na shida na kitu kingine chochote. Alitaka roshani.

"Bibi yangu mzaa mama amekaa pale," alikuwa amemweleza siku ya kwanza. "Hakuna pengine alipoonekana. Nataka nimwone uso."

Ombi la namna hiyo hulikatai. Tena nyumba ile ilikuwa na mabinti wengine watatu wa kuozwa, na baba yao alikuwa mtu wa kupiga simu moja tu, mji mzima ukajua fundi yupi wa kuitwa na yupi wa kukimbiwa. Fundi alikuwa amejenga jina kwa miaka tisa, jina la picha zinazong'aa. Sasa jina lote lilining'inia kwenye roshani moja, naye aliogopa, hakuna haja ya kumfichia.

Giza lenyewe halikuwa kosa la kamera. Siku ya harusi taa za ukumbi zilipunguzwa ili watu wacheze, na mkewe ndiye aliyekuwa akimshikia taa ya kazi. Katikati ya ngoma taa ikazimika. Mke akasema betri imekwisha, akaenda kuchukua nyingine kwenye gari, akakaa huko robo saa nzima. Mambo ya kazi, hutokea.

Fundi alijaribu kila dawa. Aliipeleka video kwa jirani mwenye duka la kuchapisha; kwenye kompyuta ya jirani harusi nzima ilikuwa kama imepakwa masizi. Akaifungua kwenye simu: maharusi weupe kama wamemwagiwa unga. Kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambayo skrini yake ilikuwa na umri wa kuheshimiwa, kilichokuwa cheusi kilibaki cheusi tu, bila kubagua. Mashine tatu, harusi tatu. Jirani akacheka, akasema amuulize bi harusi aliolewa katika ipi.

Mkewe hakuona cha kuchekesha. Alimwambia aachane na mteja huyo, kompyuta yake ndiyo mbovu, na watu wengine hata ukiwapa jua watalalamika ni dogo. Hata hivyo alivuta kiti akakaa karibu naye, akaikodolea macho dakika ya arobaini na moja mara mbili, mara tatu.

"Mimi sioni kitu hapo," alisema.

"Hata mimi."

Mke akashusha pumzi, akaenda jikoni, na mchana ule alipika huku anaimba.

Mwishowe fundi akapiga moyo konde. Kwa kuwa skrini yake si ya kuaminika, alimwomba bi harusi awe macho yake. Yeye atainua mwanga pale kwenye roshani tu, atamtumia kipande, na bi harusi atakitazama kwenye kompyuta yake mpya, aseme kama kinatosha. Wakafanya hivyo siku mbili, kipande kinakwenda, jibu linarudi. Ongeza. Ongeza. Hapo umezidisha, punguza kidogo. Fundi hakuwahi kupata mteja mvumilivu kiasi kile. Hakupandisha sauti hata mara moja.

Kwenye skrini ya fundi weusi uligeuka kijivu, na ndani ya kijivu likatokea baka moja nene. Akaamua kwamba ni bibi na kiti chake.

"Hapo," bi harusi alisema hatimaye. "Hapo hapo. Usiguse tena."

Kisha akamwalika. Jumamosi alasiri, familia zote mbili, ukumbi ule ule, kwenye projekta kubwa. Akasisitiza amlete na mkewe, kwani kazi waliifanya wote wawili. Mke alisita. Akaomba aione tena ile dakika kwenye kompyuta yao, akaiona, ni kijivu tu. Akakubali, akavaa gauni jipya.

Jumamosi mapazia yalifungwa. Bwana harusi alikaa mstari wa mbele, kati ya mkewe na mama yake, akipokea pongezi. Fundi alisimama nyuma penye kompyuta ya ukumbi, kando ya bibi yake bi harusi, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu. Projekta ilikuwa kali. Hakuwahi kuiona kazi yake iking'aa namna ile, na roho ikamtulia. Dakika ya thelathini na tisa ikapita. Ya arobaini ilipokaribia kwisha, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Sasa hivi utajiona."

"Marahaba, mwanangu. Nitajiona wapi?"

"Pale juu, kwenye roshani. Siku ya harusi."

"Mimi?" Bibi akacheka. "Harusini sikuja, baba. Siku hiyo nilikuwa nimelazwa."

Fundi akainua macho. Ukutani roshani ilikuwa nyeupe kama mchana, kila kitu wazi, hadi vifungo vya shati la bwana harusi, na vidole vya mke wa fundi vikivifungua kimoja kimoja.

Mstari wa mbele bi harusi akasimama, akageuka. Hakuwa analia.

"Fundi," alisema, "irudishe kidogo. Wa huko nyuma hawajaona vizuri."