Makombe ya Mnandi na Unyoya wa Fisimaji

Zamani, samaki walipokuwa bado hawajaijua ndoano, Kiboko alitangaza kwamba ghuba yenye matete itakuwa ya yule atakayetangulia kuvua sangara kwa kukokota mshipi huku akiogelea. Fisimaji alishtuka, kwa kuwa watoto wake walizaliwa humo kwenye matete na hawakuwa na kwingine pa kwenda.

Mnandi, ndege aliyependa kutazamwa, alifunga makombe ya chaza yanayometa kwenye mshipi wake wote hadi kwenye ndoano. Fisimaji alifunga kwenye ndoano yake unyoya mmoja tu wa kijivu, mdogo kama dagaa.

"Dada, hicho ni chambo au takataka?" Mnandi akauliza.

"Ni chambo, kaka. Wewe tangulia."

Mnandi akatangulia, makombe yakimulika maji. Sangara wakapanda kutoka vilindini, wakamfuata kundi zima wakishangaa. Lakini hakuna aliyeuma, maana sangara hali makombe. Fisimaji, aliyezoea kuwatazama wakila, akaupitisha unyoya wake polepole nyuma yao. Aliye mkubwa kuliko wote akageuka, akaumeza.

"Huyo ni wangu," Mnandi akalalamika. "Alitoka chini kunifuata mimi."

"Ni kweli ulimwalika, kaka, na nakushukuru," Fisimaji akajibu. "Ila hukumpikia."

Kiboko akacheka mpaka mawimbi yakapiga ukingoni. Fisimaji akaingia kwenye matete kichwa juu, akimburuta sangara mrefu kuliko yeye, taratibu, ili watoto wapate kumtazama vizuri mama yao.