Mtu Asiye na Mbwa

Yule mtu alikuwa pale tena, nje ya uzio, kamba ya mbwa ameizungusha mkononi, na mbwa hana.

Hlengiwe akamvuta Tofi karibu na mguu wake. Bustani hii ya kuchezeshea mbwa ina desturi yake: humjui mtu, unamjua mbwa wake. Yeye alikuwa Mama Tofi, basi, na hakuna aliyewahi kumuuliza jina la ukoo. Sasa mtu anayekuja hapa mikono mitupu, akawakodolea macho mbwa wa wenzake, huyo utamwitaje? Mama Koko alishasema: mwizi. Wote waliafiki.

"Usimwangalie," Baba Sheba alinong'ona. "Twende kule nyuma ya miti. Watu wa aina hii wanakariri sura."

Wakaondoka upesi, kama walivyofanya kila mara yule mtu alipotokea.

Baba Sheba, jamani, alikuwa mtu wa watu. Tofi alikuwa kimbwa cha manyoya marefu, mwili wote hauzidi mkate, na siku yake ya kwanza bustanini jibwa moja lilimng'ata mgongoni. Tangu hapo alibwekea kila kitu, hata upepo. Kamati ya makazi yao ilikwisha kutamka: hadi mwisho wa mwezi Tofi awe ametulia, au aondoke. Tangu mumewe afariki, ni Tofi tu aliyempokea Hlengiwe mlangoni. Kumkosa na yeye? Wazo hilo lilimnyima usingizi.

Ndipo Baba Sheba alipojitolea. Akamfundisha kuanza nje ya uzio, mbwa wazoeane harufu kwanza. Kisha ua wa mbwa wadogo. "Kamba ivue hapa katikati ya mageti mawili," alimwambia. "Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, kwa hiyo anauma. Na usimbebe, Mama Tofi! Ukimbeba, majibwa yatakurukia wewe."

Mwisho akamlaza Sheba kwenye nyasi, Tofi amnuse. Sheba alikuwa mkubwa kama ndama, na mpole kupita kiasi. Kasoro yake masikio tu. Umwite mpaka ukauke koo, hageuki.

"Uzee huo," Baba Sheba alicheka. "Hata mke wangu haniitiki."

Sasa, nyuma ya miti, hakuwa akicheka. Alichungulia getini, akamgeukia Hlengiwe.

"Limebaki moja. Tofi haogopi tena mbwa, anaogopa hofu yako. Inamfikia kupitia kamba. Leo atembee bila wewe, mpaka mtoni na kurudi."

"Bila mimi? Thubutu! Na yule jambazi yuko pale?"

"Ndiyo maana nakuachia Sheba akulinde. Mimi nina wako, wewe una wangu. Yuko mtu anayemtupa mwanawe?"

Hlengiwe akaona haya. Mtu kamfanyia wema wote huu, naye anamfikiria vibaya! Akampa kamba. Tofi aligeuka kumtazama, akalia kidogo, kisha akatokomea na Baba Sheba kwenye mteremko. Hakubweka. Machozi ya furaha yalimlenga Hlengiwe.

Geti likalia.

Yule mtu alikuwa ameingia. Akafunga geti la kwanza nyuma yake, akafungua la pili, akaja moja kwa moja kuelekea mitini. Hlengiwe alitaka kupiga kelele, lakini nani angemsikia? Mama Koko na wenzake walikuwa mbali, kule kwenye ua wa mbwa wadogo. Akajibanza nyuma ya Sheba.

"Baki huko huko! Huyu anauma, nakwambia!"

Mtu hakusimama.

"Sheba, mkamate!"

Sheba hakutikisika hata sikio. Yule mtu akapiga magoti kwenye nyasi.

"Naledi," aliita. "Naledi, mama."

Jibwa lile likaruka. Hlengiwe akafumba macho asione damu. Alipoyafumbua, mtu alikuwa chali chini, Sheba yuko juu yake, anamlamba uso na kulia kama mtoto, na yule mtu mzima naye analia.

Alijiinua taratibu, mkono mmoja bado shingoni mwa mbwa.

"Nani amekupa mbwa huyu, dada?"

"Ni wa Baba Sheba," Hlengiwe alijibu. "Kampeleka Tofi wangu hapo mtoni tu. Kamzoesha vizuri sana, kwa hiyo... Anarudi sasa hivi."

Yule mtu aliutazama mteremko, halafu akamtazama yeye. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Kule kwenye bustani ya Benoni, mimi aliniachia mbwa mweupe mwenye madoa," alisema. "Nilikaa naye nikimsubiri mpaka bustani ikafungwa."