Wapanda Farasi wa Miguu

Fundi saa alifungua kabati la shemeji yake kutafuta gundi, akawakuta wapanda farasi wamesimama kwa miguu.

Walikuwa kikosi kizima cha vinyago, kila askari kimo cha kidole gumba: buti hadi magotini, bunduki fupi mkononi, kola ya njano. Hao hao aliokuwa akiwahangaikia.

Kila Jumamosi yeye na shemeji, kaka wa marehemu mkewe, walipigana vita vya karne ya kumi na tisa juu ya meza ya chakula. Sheria yao ilikuwa moja: wapanda farasi wakishuka kupiga risasi, wanaondolewa mezani na mahali pao wanawekwa wenzao wanaosimama kwa miguu. Asiye nao, watu wake hawashuki. Madukani waliuzwa waliopanda tu.

"Nitafutie mbadala, shemeji. Wewe ndiye mwenye mikono," kaka huyo alikuwa amemwomba.

Ombi lilimkuta fundi amelala tu nyumbani. Duka alikuwa amelifunga kwa hasira, maana wateja walizuka kudai saa ambazo hajapata kuziona. Basi akainuka. Alichukua kinyago cha askari wa kawaida wa miguu, akamkwangua begi mgongoni, akaikata bunduki yake iwe fupi, akamtengenezea kwa waya wa saa miiba ya visiginoni, ile ya kumchochea farasi. Chini ya nyayo akachora mwezi mchanga, alama aliyoiweka ndani ya kila saa iliyopita mikononi mwake. Binti yake alimsogezea taa, na chai ikipoa aliipasha tena bila kunung'unika. Siku hizi jiko aliliwasha binti peke yake, na funguo za nyumba zilikaa kwake.

Askari huyo wa kwanza alikuwa bado mezani nyumbani, anasubiri kola. Na huku kabatini kikosi kimetimia.

Shemeji aliingia na vikombe viwili. Jumamosi iliyopita tu alilalamika kwamba watu wake wameganda juu ya farasi kama kuku juu ya paa, na fundi akamwonea huruma.

"Kumbe unao," fundi alisema. "Mimi naumia macho, wewe unanicheka."

Shemeji, ambaye hakuwahi kukosa utani, safari hii aliukosa. Aliviweka vikombe chini taratibu.

"Kunywa kwanza, shemeji."

Fundi alimgeukia binti yake, aliyemsindikiza kama kawaida. Alimuuliza kama na yeye alijua. Binti alitazama sakafu, kisha akaja kumshika kiwiko. Fundi akautoa mkono wake.

Aliapa kwamba nyumba hii haikanyagi tena. Lakini kilichomchoma zaidi ni ile kazi yenyewe. Ilikuwa safi mno.

"Nani kakutengenezea? Umempa fundi gani?"

"Fundi ambaye sijaona mwingine kama yeye," shemeji alisema.

Fundi alimnyakua askari wa mbele ili amtupe. Visiginoni, waya wa saa ukang'aa. Akampindua.

Mwezi mchanga.

Akamchukua wa pili, kisha wa tatu. Nyuma yao, ndani zaidi ya kabati, kilisimama kikosi kingine cha kola za njano, na nyuma yake kingine, kimeshashika vumbi.