Mtani Juu ya Jeneza

Mtani alikuwa amelala juu ya jeneza, amegoma kushuka.

Alijipaka masizi na unga uso mzima, akavaa koti la marehemu, akajifunga kitenge cha bibi kizee kiunoni. "Sizikwi leo!" alipiga kelele. "Sijanywa uji!" Watu waliokuja kulia wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Advera hakucheka. Ndani ya lile jeneza mlikuwa na magunia ya mchanga. Jana jioni Advera mwenyewe alimwingiza kaka yake, Gerson, kwenye kihenge cha karanga, akamfunika kwa majani. Na sasa gari la polisi lilikuwa linasimama uani, pembeni kabisa ya kihenge hicho.

Gerson alikwenda nchi jirani kuendesha lori. Tajiri yake akaokotwa amekufa, wakamshika yeye. Alisota mahabusu miaka na miaka, mwishowe jaji akasema ushahidi hakuna, nenda kwenu. Akarudi Ntalikwa na mguu mmoja mbovu kwa virungu, akashika jembe, akamshukuru Mungu. Kumbe huku nyuma serikali ya kule imekata rufaa. Mahakama kubwa ikafuta kule kuachiwa kwake, ikataka kesi ianze upya, na huku kwetu wakakubali kumkabidhi. Kule muuaji ananyongwa.

Tangu juzi njia panda pana kizuizi. Kila basi linakaguliwa, askari kashika picha ya Gerson. Ndipo mama yao, Theodora, aliposema: "Maiti haishitakiwi. Tumzike."

"Shikamoo, mama. Pole na msiba," alisema Sajini Sabiri, mtu mnene aliyetumwa kutoka Dar, pingu zikimning'inia kiunoni.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba mlifungue jeneza. Niuone uso, niandike, niondoke."

Theodora akatazama chini. "Aliharisha mpaka akakauka. Bwana afya kasema lisiguswe."

"Lifungueni, mama."

Sajini alikuwa ameegemea kihenge.

Mtani akaruka chini, akaokota nyundo, akaanza kung'oa msumari. "Afande ana haki! Njoo tusaidiane. Mimi nitashika kichwani, wewe shika huku nyuma, kulikokuwa kunavuja."

Advera alitamani kumkaba koo. Mjinga gani huyu? Nani kamwalika? Msumari wa kwanza ukatoka. Wa pili ukaanza kulia kwenye ubao.

Sajini akatoa leso, akaziba pua, akarudi nyuma. "Acha! Acha, bwana wewe. Zikeni." Kisha kicheko kikamshinda. "Nyinyi Wanyamwezi! Mimi Mzaramo, mtani wenu vilevile. Babu zenu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani walilala kwetu, wakatumalizia kuku."

"Kuku gani! Walikuwa na kideri, ndiyo maana mkatuachia," mtani akamjibu, kwa niaba ya marehemu.

"Na wewe, mtani mwenzangu, wa wapi?"

"Mimi?" Mtani akabinua mdomo, akaukokota mguu wa kushoto uwanja mzima. "Mimi si ndiye Gerson! Si umenifuata? Nifunge!" Akanyoosha mikono.

Sauti ilikuwa ya kaka yake hasa, na ikamchoma Advera. Kumwigiza marehemu ndiyo kazi ya mtani msibani, lakini huyu alizidi. Watu walijipiga mapaja. "Ni yeye mtupu! Tazama mguu!"

Sajini, machozi ya kicheko yakimtoka, akachomoa pingu akamfunga kweli. Theodora akaketi chini ghafla kama mtu aliyekatwa miguu. Advera akamkimbilia, akamshika mabega. Dhihaka nyingine zinapita kiasi, aliwaza, hata kama ni mila.

"Haya marehemu, twende ukanyongwe!"

"Ngoja kwanza nile ubwabwa wa msiba wangu."

Sajini akamfungua huku akijifuta macho.

Wakazika mchanga ndani ya mchanga. Sajini akatupa udongo wake, akaandika aliyoyaandika, akapanda gari. Mtani akamdandia dirishani. "Afande, usiniache na Wanyamwezi hawa, wataninyima hata maji. Nipe lifti mpaka Igunga, nikadandie lori."

"Panda, mwendawazimu. Utatuchangamsha njiani. Pale kizuizini nitawaambia nimemkamata Gerson!"

Wakaondoka, vicheko vyao vikisikika mpaka mbali.

Watu walipotawanyika, Advera alipakua ubwabwa kwenye sahani, akaenda mbio kwenye kihenge, akapanda, akafukua majani. Akafukua tena. Karanga tupu.

"Mama!" aliita. "Gerson hayumo! Yuko wapi?"

Theodora alikuwa bado amesimama uani, anatazama vumbi la gari likitua barabarani.

"Polisi wamempa lifti," alisema.