Kipimo cha Januari

Oldroyd alikuwa amesimama kwenye maegesho ya uwanja, funguo za gari mkononi, na hakujua kama anafika au anaondoka. Mvua ilikuwa inamlowesha. Aliutazama mlango wa klabu, akalitazama gari lake, akautazama mlango tena, na hofu ikamshika.

"We Oldroyd, umeota mizizi hapo?" Alikuwa Tasker, mwenzake wa safu ya mbele, sandwichi ya bekoni mkononi. "Daktari anakusubiri. Twende."

Kumbe anafika. Alicheka kidogo ili Tasker naye acheke, akamfuata ndani.

Tangu ujana alikuwa akicheza safu ya mbele katika raga ya kulipwa. Kazi yenyewe, kwa maneno machache, ni kukumbatia mpira, kwenda mbio kugongana na wanaume watatu wenye kilo mia na ushee kila mmoja, kuinuka, na kurudia hadi kocha akuonee huruma. Alivunjika pua, akashonwa bega, na mji mzima ukampigia makofi. Hayo hayakuwahi kumtisha. Jumapili iliyopita goti la jamaa mmoja wa timu ya Cumbria lilimpata kwenye sikio, naye akainuka akaenda kujipanga na timu pinzani. Jukwaani watu walivunjika mbavu. Hata yeye alicheka alipoonyeshwa video.

Ya kutisha yalikuja baadaye. Jumanne alimwita binti yake kwa jina la mbwa waliyemzika zamani. Jana mkewe, Janine, alimkuta jikoni mbele ya birika analia, akamuuliza kulikoni. "Mafua tu," alijibu, kwa sababu hata yeye hakujua analia nini. Janine akammiminia chai.

Kwenye korido Tasker alimsogelea. "Mbona unatetemeka, bwana mkubwa? Januari si ulifanya kama nilivyokwambia?"

"Nilifanya."

"Sasa wasiwasi wa nini? Hata ukiingia umelala utapita."

Kila Januari, kabla msimu haujaanza, wachezaji hupimwa akili zikiwa nzima, ili siku mtu akigongwa daktari awe na cha kulinganisha. Na kila Januari safu ya mbele nzima hujifanya mambumbumbu. Unasomewa maneno kumi, yote unayo kichwani, wewe unataja manne na kujikuna kisogo. Unaambiwa utaje miezi kinyumenyume, unaruka mmoja makusudi na kuomba radhi. Hapo hata ukigongwa na lori mwezi wa Mei, daktari atakuona uko vilevile na utacheza. Tasker alifundishwa na waliomtangulia, akamfundisha Oldroyd, na wote waliona ni ujanja mzuri sana.

"Ila leo usijitie hodari," Tasker alinong'ona. "Ukiipita Januari kwa mbali, Daktari Lumb atanusa. Atatuchoma sote."

Oldroyd aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alishaamua. Leo hadanganyi. Atatoa alicho nacho chote, ajue kama kichwa bado ni chake. Akimshinda yule mjinga wa Januari, atarudi nyumbani, atamkumbatia Janine na kulala usingizi. Lumb akiugundua ujanja, na augundue. Wamfungie, wamfukuze, vyovyote watakavyo. Kuliko hofu hii, afadhali aibu.

Daktari Lumb alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alimkalisha, akamsomea maneno kumi polepole, kisha akamsimamisha kwa mguu mmoja na kumuuliza hili na lile. Oldroyd aliyashikilia yale maneno muda wote kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka mgongoni.

"Haya, mwanangu. Miezi, tukianzia Desemba."

Aliteremka nayo hadi Januari bila kukwama. Sauti yake mwenyewe ilimfurahisha.

"Na yale maneno niliyokusomea?"

Yalimjia moja baada ya jingine, bila kusukumwa. Aliyataja kwa sauti ya kutosha, na alipomaliza alikuwa na hakika kwamba hakuna lililobaki. Kifua kikamfunguka. Alitamani kumpigia Janine simu palepale, amwambie ni mafua kweli.

Lumb akavuta karatasi ya Januari kutoka kwenye faili, akailaza kando ya ile ya leo. Kalamu yake ikateremka mstari kwa mstari. Akakunja uso. Akarudia kuanzia juu.

Basi amenusa. Oldroyd alimwona akivua miwani, akaifuta, akaivaa na kusoma tena, na hofu ikamrudia. Alimfikiria Tasker, na vijana wote waliofuata ujanja ule, na maneno ya kocha. Hata hivyo ilikuwa hofu nyepesi, hofu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Angeweza kuibeba. Aliona heri aseme mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Daktari, kuhusu kile kipimo cha Januari, naomba nikueleze..."

"Cha kueleza hakuna, mwanangu." Lumb aliinua uso, na alikuwa anatabasamu. "Nimerudia kwa sababu sijawahi kuona vipimo viwili vikilingana namna hii. Leo umetaja maneno manne kati ya kumi, mwezi mmoja umeuruka, sawasawa na Januari. Jumapili unacheza."