Walioandikwa kwa Penseli

"Mbona mistari mingine ya daftari hili mitupu?" nilimuuliza karani wa mapokezi ya hospitali. Wizara ilinituma kuhesabu wagonjwa, ijulikane bima ya afya kwa wote itahitaji vitanda vingapi.

"Wasio na kadi ya bima tunawaandika kwa penseli," alisema, akipuliza chai yake. "Hawatibiwi, kwa hiyo mwisho wa mwezi tunawafuta. Daftari linabaki safi."

Niliinua ukurasa dirishani. Penseli ilikuwa imeacha makovu kwenye karatasi. Nikapitisha kidole, herufi kwa herufi, mpaka mstari wa tisa.

Jina la mama. Jumatatu. Ukurasa wa pili, Jumatano. Kisha Ijumaa.

Wiki yake ya mwisho alituapia kwamba hospitali alikwenda mara tatu. Mimi ndiye niliyemjibu, "Mama, umeanza kusahau."